Kuzimia uwanjani si aibu, kukwepa kipimo ndiyo hatari

UKIPANDA kutoka Mombo kwenda Lushoto, zile kilomita 33 za kona juu ya kona, unaelewa kwa nini kiwanja cha tambarare ni mali kubwa kwenye Milima ya Usambara. Mpira ukitoka nje upande wa bondeni, mtu anaufuata huko huko. Lakini vijana wanacheza. Ligi za kata zipo, mechi za kugombea mbuzi zipo, na straika wa kijiji anajulikana kuliko diwani.

Kwenye mechi za namna hiyo, mashabiki wengi wamewahi kuliona hili: mchezaji anadondoka bila kuguswa na mtu. Anamwagiwa maji, anapepewa kwa jezi, baada ya dakika moja anafumbua macho na kuomba arudi kupiga mpira. Jukwaa linashangilia. Pembeni minong'ono inaanza: karogwa na wapinzani, ana kifafa, hakula mchana.

Kinachokosekana mara nyingi ni swali moja tu: amezimia kwa sababu gani?

TUMESHALIPA GHARAMA
Wapenzi wa soka nchini hawajasahau Desemba 4, 2016. Ismail Khalfan, kijana wa Mbao FC, alifunga bao dhidi ya Mwadui kwenye ligi ya vijana chini ya miaka 20 iliyokuwa ikichezwa Uwanja wa Kaitaba, Bukoba. Muda mfupi baadaye akaanguka uwanjani. Hakuamka tena.

Miaka 13 kabla yake, Juni 26, 2003, dunia nzima ilimwona Marc-Vivien Foé wa Cameroon akidondoka katikati ya uwanja mjini Lyon, kwenye nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Colombia. Hakuna aliyekuwa karibu yake. Alikuwa na miaka 28, na uchunguzi ulionyesha alikuwa na tatizo la moyo.

Si kila anayezimia yuko kwenye njia hiyo. Wengi hawako. Ila kwa macho huwezi kuwatenganisha, ndiyo maana vipimo vipo.

KUZIMIA KUPO KWA AINA
Kuzimia ni ubongo kukosa damu ya kutosha kwa sekunde chache. Aina inayowapata vijana wengi ni ile ya presha kushuka ghafla na mapigo ya moyo kupungua. Inaletwa na kusimama muda mrefu juani, maumivu, kuona damu, hofu au upungufu wa maji mwilini. Mtu huhisi dalili kwanza: jasho jembamba, kichefuchefu, macho kuingia giza, masikio kuvuma.

Kwa mchezaji kuna mtego mwingine. Ukikimbia, misuli ya miguu inasaidia kurudisha damu juu. Ukisimama ghafla baada ya mbio kali, damu inabaki miguuni na kichwa kinakuwa chepesi. Fikiria kijana aliyezoea baridi ya Magamba akishuka kucheza Korogwe au Tanga kwenye joto, amepakiwa kwenye gari asubuhi bila chai ya maana, maji hakunywa kwa kuogopa kichefuchefu cha kona. Huyo akidondoka baada ya filimbi ya mwisho, pa kuanzia kutafuta pako wazi.

Aina ya kuogopa ni hii: kuzimia ukiwa katikati ya mbio, bila dalili yoyote, au baada ya maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio ovyo. Ongeza hapo kama kwenye ukoo kuna mtu aliyefariki ghafla akiwa kijana. Mchezaji mwenye moja kati ya hayo avue viatu siku hiyo hiyo, asivivae tena mpaka daktari aseme.

KITANDA KINACHOINUKA
Safari ya vipimo inaanzia chini: zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya. Hapo daktari atakuhoji, atapima presha ukiwa umelala na ukiwa umesimama, na kipimo cha umeme wa moyo kitafuata. Ikibidi utapewa rufaa: Bombo pale Tanga, KCMC Moshi, au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Huko moyo unaweza kupigwa picha ya mawimbi ya sauti, ukakimbizwa kwenye mashine huku umeme wa moyo ukisomwa, au ukafungwa kifaa kinachorekodi mapigo kwa saa 24 au zaidi.

Moyo ukionekana mzima na bado chanzo hakijulikani, daktari anaweza kuagiza kipimo cha kitanda kinachoinuka. Jina linatisha, kazi yake ni rahisi. Unalala chali, unafungwa mikanda ili usianguke, unabandikwa nyaya kifuani na kipimo cha presha mkononi. Baada ya kupumzika, kitanda kinainuliwa upande wa kichwa mpaka nyuzi 60 au 70, kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Unakaa hivyo bila kusogeza miguu, pengine hadi dakika 45, huku wataalamu wakitazama presha na mapigo. Wakati mwingine unawekewa dawa chini ya ulimi ili mwili ujibu haraka.

Lengo ni kuona kama utazimia, na ukizimia, nini kilitangulia: presha au moyo. Kwa hiyo kuzimia kitandani si kufeli mtihani. Kitanda kinalazwa, na kwa kawaida unarudiwa na fahamu haraka. Daktari anakuwa ameona kile ambacho wenzako uwanjani walikuwa wanakikisia.

MAANDALIZI NI KAMA YA MECHI
Kwanza, ushahidi. Daktari hakuwepo uwanjani, mwenzako alikuwepo. Nenda naye, au andika alichokiona: dakika ya ngapi, ulikuwa unakimbia au umesimama, ulipauka, ulipoteza fahamu kwa muda gani, ulitikisika? Kama kuna aliyerekodi kwa simu, video hiyo ni dhahabu. Na ieleweke, anayezimia anaweza kutikisika kidogo bila kuwa na kifafa. Kung'ata ulimi pembeni na kuchanganyikiwa kwa muda mrefu baada ya kuamka ndiyo mambo ya kumwambia daktari haraka.

Pili, sema yote. Dawa za hospitali, mitishamba, vinywaji vya kuongeza nguvu, sigara, pombe, hata mirungi. Daktari si mgambo. Dawa usiache mwenyewe, uliza ipi uendelee nayo na ipi usimamishe. Mwenye kisukari aulize mapema kuhusu kufunga kula.

Tatu, tumbo. Kwa kawaida utaambiwa usile kwa saa kadhaa kabla ya kipimo, na uachane na kahawa na chai siku hiyo. Saa zenyewe fuata za hospitali yako, si za jirani.

Nne, safari. Anayetoka Lushoto, Mlalo au Mtae asipange kushuka na basi la alfajiri aingie kwenye kipimo mchana. Utafika umechoka, umekauka, umetapika kwenye kona za Soni, na mwili wa namna hiyo unaweza kupotosha majibu. Shuka siku moja kabla, lala kwa ndugu, kunywa maji vizuri, kula chakula cha jioni, halafu ndipo uanze kufunga.

Tano, vaa nguo zisizobana, na usijipake mafuta kifuani maana nyaya hazitashika. Beba barua ya rufaa, kadi ya bima kama unayo na karatasi za vipimo vya nyuma. Tenga saa moja na nusu hadi mbili. Baada ya hapo usiendeshe gari wala bodaboda, mtu akusindikize.

"WATANIKATAZA MPIRA"
Hii ndiyo hofu inayowaficha wengi. Muulize Nwankwo Kanu. Mwaka 1996 alitua Inter Milan akiwa na dhahabu ya Olimpiki, vipimo vikakuta kasoro kwenye valvu ya moyo. Akafanyiwa upasuaji, akarudi uwanjani, na mwaka 1999 akaenda Arsenal akabeba mataji. Christian Eriksen moyo ulisimama Juni 12, 2021 akiichezea Denmark. Akawekewa kifaa kifuani na mwaka uliofuata alikuwa Brentford akipiga kona.

Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kongo, hakurudi. Machi 17, 2012 moyo wake ulisimama kwa dakika 78 akiwa na Bolton. Akastaafu soka akiwa na miaka 24. Lakini yuko hai, analea watoto wake.

Kwa wengi wa wanaozimia kwa presha kushuka, tiba haigusi daluga kabisa: maji ya kutosha, kutosimama ghafla baada ya mbio, kujifunza dalili na kulala chini miguu juu zinapokuja, au kukaza misuli ya miguu na ngumi presha isiporomoke.

Na ninyi viongozi wa ligi za kata, kumwaga maji hakutoshi. Mchezaji akianguka bila kuguswa, haitiki na hapumui kawaida, msimtafutie kijiko cha kuweka mdomoni. Mmoja atafute gari, mwingine apige magoti na kusukuma katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha. Akiamka mwenyewe, hongera, ila hiyo mechi kwake imekwisha. Abadilishwe, na Jumatatu apelekwe hospitali. Kama aliangukia katikati ya mbio, msisubiri Jumatatu.

Mbuzi ataliwa leo na mwakani atakuwepo mwingine. Straika wenu mnaye mmoja.