Mzio wa Chavua: Istilahi na Maradhi

Kabla ya kuwa istilahi ya tiba, neno mzio lilikuwa la jikoni: chakula ambacho mtu fulani akikila humdhuru, ilhali wenzake hukila kwa raha. Upekee huo wa mtu mmoja ndio unaolifanya neno hili kufaa kuliko mkopo aleji, utokanao na istilahi aliyoibuni Clemens von Pirquet mwaka 1906.

Kibarani, Mombasa, yatoa mfano mwafaka. Moshi wa jaa la taka lililokuwapo hapo hadi lilipofungwa mwaka 2018 uliwakohoza wapita njia. Huo haukuwa mzio, kwani moshi huwasha koo la yeyote. Mzio huchagua. Watu wawili huweza kuketi chini ya mvinje uliochanua. Mmoja akabarizi, mwingine akapiga chafya mfululizo, macho yakimtiririka machozi.

Chanzo ni kosa la utambuzi. Chavua haina sumu, lakini mwili wa baadhi ya watu huzichukulia protini zake kuwa adui. Mara ya kwanza hakuna dalili: seli za kinga huunda kingamwili iitwayo imunoglobulini E, nayo hujibandika juu ya seli nyingine zilizotapakaa puani, machoni na mapafuni, mithili ya mtego. Chavua ileile ikirudi, mtego hufyatuka. Seli hizo humwaga histamini, mishipa midogo ya damu hutanuka na kuvuja, utando wa pua huvimba, kamasi hububujika. Dakika chache zatosha. Kwa mwenye pumu, njia za hewa nazo hubana.

Gugu linalosifika kwa balaa hili ni ambrosia ya Amerika ya Kaskazini, ambalo mche wake mmoja huweza kutoa chembe bilioni moja za chavua kwa msimu. Kenya ina jamaa yake, gugu karoti, lililotangazwa kuwa gugu haribifu mwaka 2010. Chavua zao hushabihiana kiasi kwamba kingamwili iliyoundwa dhidi ya moja huweza kuishika nyingine.

Hapa lugha hugusa afya. Anayeambiwa ana "mafua" yasiyokwisha hudhani kinga yake ni dhaifu, akanunua viuavijasumu visivyomfaa kitu, maana hakuna kijidudu cha kuuawa. Kinga yake si dhaifu, ina pupa. Mafua ya virusi aghalabu huisha kwa wiki moja au mbili. Mzio hudumu maadamu chavua ipo, tena bila homa. Na katika nyumba za Mji wa Kale, ambako unyevu wa bahari hustawisha utitiri wa vumbi magodoroni, mtego huohuo huweza kufyatuka mwaka mzima, pasipo ua lolote kuchanua.