Mifupa ya Wazee Wetu na Vitamini D

Nyanya akijikwaa tu na kuvunjika nyonga, mara nyingi mifupa ilikuwa imedhoofika tayari. Vitamini D huusaidia mwili kupokea kalisiamu ya maziwa na omena. Ngozi huitengeneza ikipata jua, lakini mzee anayeshinda ndani huikosa. Aliyepita miaka 70 anahitaji yuniti 800 hivi kwa siku.

Mifupa ikishadhoofika, vitamini peke yake haitoshi. Daktari huongeza dawa nyingine. Tena msinunue vidonge vikali ovyo. Utafiti wa Australia uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha kwamba akina mama wazee waliopewa yuniti 500,000 kwa mpigo, mara moja kwa mwaka, walianguka na kuvunjika zaidi. Basi, mtoeni mzee aote jua, na mpelekeni apimwe.