Mwalimu wa Karakana: Kazi Isiyo na Cheo

Karibu kila karakana inaye mtu ambaye katika daftari la mwajiri ameandikwa fundi tu, lakini kijana mgeni akifika siku ya kwanza na ovaroli yake mpya, hupelekwa kwake. "Nenda kwa mzee, atakuonyesha." Kuanzia hapo mzee ana kazi mbili. Ya kwanza inalipwa, ya pili hailipwi. Anaweza kuifanya hiyo ya pili kwa miaka 25 au 30, akakuza mafundi ambao wengine wao huja kuwa wasimamizi wake. Siku anapostaafu, kiinua mgongo chake hupigiwa hesabu kwa ile ya kwanza peke yake.

Katika ukurasa huu tunataka kuizungumza kazi hiyo ya pili. Mfano wetu ni wa reli, maana reli ndiyo inayotuunganisha sisi wa upande huu wa mpaka na wenzetu wa Tanzania.

Reli ya Uhuru, yaani TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilianza kujengwa mwaka 1970 na ikakabidhiwa rasmi kwa serikali zetu mbili mwezi Julai 1976. Watu wengi hukumbuka madaraja na mahandaki. Kinachosahauliwa ni kwamba ujenzi ule ulikuwa pia shule kubwa ya ufundi. Vijana wengi wa Tanzania na Zambia waliingia kambini bila kuwahi kushika spana wakatoka mafundi. Mang'ula palifundishwa ufundi, Mpika pakawekwa karakana na chuo, na mwaka 1972 vijana wapatao 200 wa nchi zetu mbili walipelekwa Beijing kusomea mambo ya reli.

Aghalabu mtaalamu wa Kichina hakujua Kibemba, na Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache ya kazini. Mwanafunzi naye hakujua Kichina. Kwa hiyo somo lilikuwa mikononi: kifaa kilifunguliwa mbele ya vijana, kikafungwa, kisha wao wakaachiwa wafungue. Wako wanaodhani mafunzo ya namna hiyo ni duni kwa kuwa hayana ubao wala chaki. Sisi hatukubaliani nao. Lakini yana upungufu wake, nao si mdogo: mkono unaweza kuonyesha namna kitu kinavyofungwa, hauwezi kueleza kwa nini kinafungwa hivyo.

Upungufu huo huonekana mashine inapobadilika. Vichwa vya treni vya mwanzo kutoka China vilikuwa vya dizeli na haidroliki, yaani nguvu ya injini ilifikishwa kwenye magurudumu kwa msukumo wa mafuta. Mlima wa kutoka Mlimba kwenda Makambako ulivilemea. Kuanzia mwaka 1983 vikaja vichwa vya dizeli na umeme vilivyoundwa na Krupp ya Ujerumani Magharibi ya wakati huo. Katika hivi injini ya dizeli huzalisha umeme, na umeme ndio unaoendesha mota za magurudumu. Fundi aliyekuwa bingwa wa mafuta akajikuta mbele ya nyaya. Mtu wa namna hiyo, mwenye heshima yake na watoto wa shule nyumbani, kurudi kuwa mwanagenzi si jambo jepesi. Anahitaji mwenzake wa kukaa naye bila kumdharau, na mwenzake huyo ndiye tunayemwita mwalimu wa karakana.

Namna ya kufundisha kazini si siri. Mmarekani Charles R. Allen, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alishughulika na mafunzo ya wajenzi wa meli, aliieleza mwaka 1919 kwa hatua nne: kumtayarisha mwanafunzi, kumwonyesha kazi, kumwacha aifanye mwenyewe, na kumpima. Kati ya mwaka 1940 na 1945 serikali ya Marekani ilizieneza hatua hizo viwandani kwa masomo ya saa 10 tu, na zaidi ya watu milioni 1.5 wakapewa vyeti katika mpango huo. Baada ya vita Wajapani nao wakauchukua. Msingi wake ulikuwa kwamba mwanafunzi akishindwa, atazamwe kwanza aliyemfundisha.

Hatua mbili za mwanzo hufanyika karibu kila mahali. Mbili za mwisho ndizo hukatwa, kwa sababu zinakula muda. Kijana akiachiwa afunge beringi mwenyewe atatumia saa tatu pale ambapo mzee angetumia moja, na ubaoni kuna idadi ya mabehewa yanayotakiwa kutoka kabla ya Ijumaa. Basi mzee anamnyang'anya spana na kumaliza mwenyewe. Tumeona vijana waliokaa karakanani miaka miwili wakipokeza vifaa na kushika taa, halafu wakapelekwa kwenye majaribio ya ufundi daraja la tatu kana kwamba wamefundishwa. Wakianguka, wanaambiwa ni wavivu.

Liko jambo jingine, nalo tuliseme wazi. Wako mafundi wanaoficha ufundi. Kazi ikifika mahali pagumu, fundi hugeuza mgongo ili kijana asione, au humtuma chai. Wakubwa humwita mchoyo. Sisi tunauliza anaogopa nini. Katika sehemu nyingi za kazi kijana anayeletwa siku hizi ni wa mkataba wa miezi sita au mwaka mmoja, mwenye mshahara usiofika nusu ya ule wa mzee. Mwajiri akitaka kupunguza watu, nani atabaki? Fundi anajua kuhesabu. Anayemtaka afundishe kwa moyo mkunjufu hana budi kwanza kumhakikishia kwamba hafundishi mtu wa kumng'oa.

Fedha za mafunzo si kwamba hazikatwi. Tanzania ina tozo ya kuendeleza ufundi stadi inayolipwa na waajiri kwa kiwango cha mishahara. Mwaka 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5. Hapa Zambia tozo kama hiyo ilianza mwaka 2017 kwa asilimia 0.5. Zote mbili hulipwa serikalini, si kwa fundi anayefundisha. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1974 Mkataba Namba 140 juu ya likizo ya masomo yenye malipo, nao ni mkataba mzuri, ila unamtazama anayekwenda kusoma. Mzee anayesomesha akiwa amesimama kwenye mashine yake hatajwi.

Kwa hiyo mahali pake ni katika mkataba wa hali bora. Saa za kufundisha ziondolewe kwenye kipimo cha uzalishaji. Posho ya kufundisha iandikwe kwa tarakimu, na kama ni ya kudumu iingie katika hesabu ya pensheni. Pawe na kifungu kwamba aliyefundisha hatapunguzwa kazini huku aliyemfundisha akibaki mahali pake. Tungeambiwa tuchague kimoja, tungechagua hiki cha mwisho, hata kabla ya posho.

Haraka yetu ina sababu. Mwezi Septemba 2024, mjini Beijing, hati ya maelewano ya kuifufua TAZARA ilitiwa saini mbele ya marais wa Tanzania, Zambia na China. Mitambo itabadilika tena. Lakini kijana aliyeingia kambini mwaka 1972 akiwa na miaka 20 alitimiza miaka 60 mwaka 2012, na aliyekuwa na miaka 20 vilipokuja vichwa vya Krupp alitimiza 60 mwaka 2023. Waliopo sasa ni wanafunzi wa hao, au wanafunzi wa wanafunzi wao.

Tunayaomba matawi yote, ya reli na yasiyo ya reli, yaandike majina kabla ya mazungumzo yajayo na waajiri: nani anafundisha, anafundisha kazi gani, ana vijana wangapi, na amebakiza miaka mingapi kustaafu. Daftari la shule la kurasa 48 latosha.