Nyumba Iliyo Rehani na Mdaiwa Mwenye Dhiki

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, nakuusieni pamoja na nafsi yangu tumche Mwenyezi Mungu. Leo tutaeleza habari ya deni la nyumba, na yampatayo mdaiwa uchumi unapoanguka.

Rehani si jambo geni katika dini yetu. Imetajwa katika Sura al-Baqara, aya ya 283, na Bukhari amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alipofariki, deraya yake ilikuwa rehani kwa Yahudi mmoja kwa ajili ya shayiri. Basi kukopa kwa haja si aibu. Madhara yamo katika riba, na katika kumtwika mtu mzigo asioweza kuuchukua.

Natutazame yaliyotokea Marekani. Baada ya mwaka 2000, wakopeshaji waliwapa watu wengi fedha za kununulia nyumba, hata wale ambao mapato yao hayakuthibitishwa. Mikopo mingi ilianza kwa riba ndogo kwa miaka 2, kisha riba ikapanda. Wakopeshaji hawakuogopa, kwani waliyauza madeni hayo kwa wengine, na hasara ikawahama. Baina ya Juni 2004 na Juni 2006 Benki Kuu ilipandisha kiwango chake kutoka asilimia 1 hadi asilimia 5.25, kisha bei za nyumba zikaanza kushuka.

Mathalan, mtu amenunua nyumba kwa dola 200,000, naye adaiwa 190,000. Bei ikishuka hadi 150,000, hata akiiuza atabaki na deni la 40,000, wala hana nyumba. Akipoteza kazi, malipo ya mwezi humshinda na nyumba huchukuliwa. Nyumba nyingi zikiuzwa kwa pamoja bei huzidi kuanguka, na jirani aliyelipa vyema naye hudhurika. Tarehe 15 Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers iliomba kufilisiwa, mikopo ikaadimika, na Oktoba 2009 wasio na kazi nchini humo walifikia asilimia 10.

Je, dini yatufunza nini? Kwanza, kabla ya kutia sahihi, mtu aulize: riba imo? Malipo yaweza kupanda? Nikikosa kazi nitalipa kwa nini? Na deni liandikwe, kama ilivyoamrishwa katika aya ya 282. Pili, mdaiwa aliyeshindwa asijifiche. Amwendee mdai wake mapema na kumweleza hali yake kwa ukweli. Ama mwenye uwezo anayechelewesha kulipa, huyo amedhulumu. Tatu, mdai ameamrishwa katika aya ya 280 amngojee mwenye dhiki mpaka apate wasaa, na kusamehe ni bora zaidi. Nne, Sura at-Tawba, aya ya 60, imewahesabu wenye madeni miongoni mwa watu wa mafungu 8 wastahikio Zaka. Basi tusimcheke jirani aliyelemewa, bali tumtafutie haki yake hiyo kabla hajatolewa nyumbani na watoto wake.

Mwenyezi Mungu atukinge na uzito wa madeni, awafariji wenye dhiki, na ailainishe mioyo ya wenye kudai. Amin.