Amandina Lihamba: Mwigizaji aliyefundisha wasichana kusema, na kwa nini stori yake inaihusu Katavi

Kama umekulia kwenye Bongo Movie, huenda jina la Amandina Lihamba halijawahi kupita kwenye simu yako. Si jina la kiki.

Lakini ndiye aliyebeba moja ya nafasi kuu kwenye filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kuwania tuzo za Oscar. Ni mwandishi wa tamthilia na muongozaji, na amekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Na kazi yake yenye mizizi mirefu zaidi haikufanyika mbele ya kamera. Ilifanyika vijijini na shuleni, na wasichana wa umri uleule wa wanaopishana na bodaboda kila asubuhi Mpanda mjini wakiwahi namba.

Alianzia wapi?

Lihamba alizaliwa Morogoro mwaka 1944. Ujana wake uliangukia kipindi cha Azimio la Arusha la 1967, wakati ngoma, kwaya, ngonjera na vichekesho vilipewa kazi moja kubwa: kupeleka ujumbe wa Ujamaa kwa wananchi.

Jambo hilo lilimkaa kichwani. Shahada yake ya uzamivu, aliyoipata Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, mwaka 1985, ilihusu siasa na sanaa za maonesho Tanzania baada ya Azimio la Arusha.

Kabla ya hapo alishaanza kuandika. Mwaka 1980 ilichapishwa tamthilia yake *Hawala ya Fedha*, aliyoitoa kwenye hadithi ya mwandishi wa Senegal, Sembène Ousmane. Hadithi ya Sembène inamhusu mzee anayetumiwa hela na ndugu yake aliyeko Paris. Akienda kuichukua anaambiwa hana kitambulisho. Kupata kitambulisho kunahitaji cheti na picha, na kila dirisha linakula chochote alichonacho mfukoni.

Yeyote aliyewahi kuhangaikia namba ya NIDA ili asajili laini anaielewa hadithi hiyo bila kufafanuliwa.

Mwaka 1982 ikaja *Harakati za Ukombozi*, tamthilia aliyoiandika na wanawake wenzake wawili, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Muhando ndiye baadaye anajulikana kama Profesa Penina Mlama. Likumbuke jina hilo, linarudi hapo chini.

Samehe, mwanamke asiyesema

Nafasi yake inayotajwa zaidi kwenye filamu ni ya Samehe, katika *Maangamizi: The Ancient One* ya mwaka 2001. Filamu hiyo iliongozwa na Mtanzania Martin Mhando na Mmarekani Ron Mulvihill.

Samehe ni mgonjwa katika hospitali ya magonjwa ya akili. Utotoni alishuhudia kifo cha mama yake, na tangu hapo ameishi miaka mingi bila kutamka neno. Anafika daktari Mmarekani mweusi, Asira, aliyeigizwa na BarbaraO. Kumtibu Samehe kunamlazimu daktari huyo kukabiliana na maumivu yake mwenyewe. Kati yao yupo bibi wa ajabu, Maangamizi, aliyeigizwa na Mwanajuma Ali Hassan.

Kwa mwigizaji, hiyo ni kazi ngumu. Waigizaji wengi hujijengea jina kwa maneno makali na machozi. Hapa Lihamba alitakiwa kumfanya mtazamaji aelewe mambo ambayo mhusika mwenyewe hayasemi.

Tanzania iliipeleka filamu hiyo kuwania Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Haikuingia tano bora. Ilipita miaka zaidi ya 20 ndipo nchi ikapeleka nyingine, *Vuta N'Kuvute*, mwaka 2022.

Kabla ya Oscar kulikuwa na Malya

Karibu miaka 20 kabla ya Samehe, Lihamba alikuwa Malya, kijiji kilichopo Kwimba mkoani Mwanza. Ilikuwa 1982 hadi 1983. Yeye, Mlama na wenzao kutoka Chuo Kikuu walikuwa wakijaribu kitu kinachoitwa sanaa ya maonesho kwa ajili ya maendeleo.

Utaratibu uliozoeleka ulikuwa huu: wataalamu wanakuja na ujumbe wao, wanaigiza, wananchi wanapiga makofi, kila mtu anarudi nyumbani.

Malya walifanya kinyume chake. Wanakijiji ndio waliosema nini kinawasumbua, yakiwemo matatizo ya vijana na wasichana kupata mimba. Wakayajadili, wakayatengenezea maonesho kwa ngoma na michezo waliyoijua wenyewe, kisha wakakaa kujadili walichokiona.

Faida yake ilikuwa wazi. Kwenye mkutano wa kijiji, binti si rahisi asimame mbele ya wazee na kusema nani anawaharibia maisha wasichana. Lakini ndani ya igizo, anayesema ni "mhusika". Ukweli unatoka, na hakuna wa kumwambia kwamba amekosa adabu.

Tuseme inafanyaje kazi?

Mwaka 1996 njia hiyo iliingia sekondari kwa jina la Tuseme, mradi ulioanzishwa na Lihamba na Mlama wakiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baadaye FAWE, shirika linalotetea elimu ya wasichana Afrika, likaubeba na kuupeleka nchi nyingine.

Hatua zake si ngumu:

1. Wanafunzi wenyewe wanataja matatizo yanayowakwamisha, shuleni na nyumbani.
2. Wanayachambua: chanzo ni nini, nani anahusika, kwa nini watu wananyamaza.
3. Wanatunga igizo, wimbo, ngoma au ngonjera.
4. Wanaonesha mbele ya wenzao, walimu na jamii.
5. Baada ya onesho unafuata mjadala. Hiki ndicho kiini cha kazi yote.
6. Wanakubaliana nani atafanya nini, na klabu ya shule inafuatilia.

Linganisha na igizo la kawaida la siku ya mahafali. Mgeni rasmi anafika, wanafunzi wanaigiza "kataa mimba", risala inasomwa, picha zinapigwa, gari linaondoka. Hapo binti ameambiwa cha kusema. Kwenye Tuseme yeye ndiye anayeanza kusema, na watu wazima ndio wanaotakiwa kujibu.

Katavi inaingiaje hapa?

Inaingia kwa takwimu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionesha kuwa Katavi iliongoza nchi nzima kwa mimba za umri mdogo. Asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba ya kwanza. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27.

Kwa lugha rahisi: ukikusanya wasichana 20 wa umri huo, tisa walikuwa tayari ni mama au wajawazito.

Utafiti wa 2022 ulionesha wastani wa taifa umeshuka hadi asilimia 22, lakini Katavi bado ilikuwa kwenye kundi la mikoa iliyo juu.

Sheria na miongozo imesogea. Tangu Novemba 2021, mwanafunzi aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule. Lakini ruhusa iliyo kwenye karatasi haimwambii mzazi, mwalimu au mtendaji wa kijiji kwa nini binti aliacha shule mwanzoni. Anayejua ni binti mwenyewe.

Igizo lina mipaka yake

Igizo halijengi bweni. Halifupishi njia ya kwenda shule kwa binti anayetembea alfajiri porini, wala halimlishi nyumbani kwao msimu mahindi yakiisha ghalani.

Linachofanya ni kutaja tatizo hadharani, mbele ya watu wenye uwezo wa kuchukua hatua. Kama njia ya shule ndiyo yenye hatari, diwani aisikie akiwa amekaa palepale. Kama ni mtu anayeheshimika mtaani, nako kutulia kwake kuishe.

Gharama yake ni ndogo. Uwanja wa shule unatosha, kivuli cha mwembe kinatosha, na ngoma za Wabende, Wapimbwe, Wakonongo na Wasukuma zipo tayari. Kinachohitajika zaidi ni mwalimu mmoja aliye tayari kusikia mambo yasiyopendeza, na viongozi watakaobaki kwenye viti vyao onesho likiisha, mpaka wanafunzi wamalize maswali yao.