Piza ya Napoli: Donge Liumuke Polepole, Chumvi Ipimwe

Wengi wetu tumezoea kuumua unga kwa haraka. Mtu hukanda maandazi, akatia hamira kijiko kizima pamoja na sukari, na baada ya muda mfupi mafuta yako motoni. Anayetaka kutengeneza nyumbani piza kama ile ya mji wa Napoli, Italia, itambidi ayaache mazoea hayo.

Donge la piza hiyo lina vitu vinne tu: unga wa ngano, maji, chumvi na hamira. Sukari na mafuta havitiwi. Vipimo vyake vilisajiliwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2010: kwa maji lita 1, unga kilo 1.8, chumvi gramu 50 hadi 55, na hamira mbichi gramu 3. Gramu 3 kwa karibu kilo mbili za unga! Kinachofanya kazi hapo ni muda. Hamira ni viumbe hai vidogo mno, jamii ya kuvu. Wanga wa ngano ukivunjika kuwa sukari, hamira huila na kutoa hewa inayoliumua donge. Wapishi wa Napoli hulipumzisha saa 2, hulikata vidonge vya gramu 180 hadi 250, kisha huviacha saa 4 hadi 6 zaidi.

Kwa nyumbani tunashauri unga gramu 500, maji mililita 300 na hamira kavu robo kijiko cha chai. Penye joto kali, kama pwani, punguza hamira. Kanda dakika kumi mpaka donge liwe laini, lifunike, na baada ya saa 2 likate vidonge vinne. Vikishavimba karibu mara mbili viko tayari. Ukipenda, viweke katika friji hadi kesho, uvitoe saa 2 au 3 kabla ya kuoka. Tandaza kwa vidole. Ukisukuma kwa mti wa chapati utaitoa hewa yote uliyoingojea.

Sasa tuje kwenye chumvi, maana hapa ndipo penye afya yetu. Ukifuata kipimo cha Napoli, unga gramu 500 utachukua chumvi gramu 14 hivi, yaani gramu 3.5 katika kila piza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku nzima, na jibini bado hatujaiweka! Kwa mwenye shinikizo la damu hilo si jambo dogo. Sisi tungetia gramu 8 tu, kijiko cha chai kimoja na nusu hivi. Lakini chumvi huizuia hamira kwenda mbio na hulikaza donge. Ukiipunguza, donge litaumuka upesi na kunata zaidi, basi lichungulie mapema.

Wengine husema donge lililolala halina madhara kwa yeyote. Ni kweli kwamba hamira, ikipewa muda, hula sehemu ya sukari za ngano zinazowaletea baadhi ya watu gesi tumboni. Lakini wanga mwingi hubaki, na mwenye kisukari auhesabu. Gluteni nayo hubaki, ile protini inayolifanya donge livutike. Aliyeambiwa na daktari asile ngano asiijaribu piza hii hata kama imelala siku tatu.

Tanuri la Napoli hufika nyuzi 485 na huivisha kwa sekunde 60 hadi 90. Jiko la nyumbani mara nyingi huishia nyuzi 250. Pasha trei nzito nusu saa kwanza, kisha oka dakika 8 hadi 10, mpaka sehemu ya chini iwe na rangi ya kahawia. Watoto wasionje donge bichi, kwa kuwa unga haukupikwa kiwandani na unaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha.