Unda gemu yako: Magere dhidi ya Liyongo juu ya KICC

Umewahi kucheza Super Smash Bros? Tangu 1999, mashujaa wa gemu tofauti hukutana humo, wakisukumana hadi mmoja aporomoke jukwaani. Ukitaka kubuni yako, shida ni leseni: Mario ana wenyewe. Lakini Lwanda Magere na Fumo Liyongo ni wa masimulizi yetu, na wanakuja na kanuni tayari.

Liyongo huuawa kwa sindano ya shaba kitovuni. Magere mwili ni jiwe, kwa hivyo piga kivuli. Saa sita mchana juu ya KICC, karibu na ikweta, kivuli ni kidogo, humwezi. Mvute hadi steji ya Kangemi jioni, kivuli kirefu, kwisha yeye!

Chukua daftari, chora. Kompyuta itafuata.